GOLI LA AZIZ KI, KAMATI YA SAA 72 NA REFA WA VUGIRI: MASHINE ILIVYOINGIA KWENYE KAZI YA FILIMBI

Ukitaka kuwasha moto kwenye kijiwe chochote cha bodaboda kuanzia Mombo mpaka Korogwe mjini, huhitaji kiberiti. Sema tu "lile la Aziz Ki halikuwa goli" halafu kaa pembeni. Ndani ya dakika mbili simu zitatoka mifukoni, mtu atasimamisha video na kuivuta kwa vidole viwili, mwingine atachora mstari chini kwa kijiti kuonyesha mpira ulidundia wapi. Atatokea na mzee mmoja wa Simba, ambaye ule usiku alicheka mpaka akalala, leo anasema kwa sauti ya chini kwamba kwa kweli iliingia.

Usiku wenyewe ulikuwa Ijumaa, 5 Aprili 2024, ndani ya mwezi wa Ramadhani. Watu wameshafuturu, vibanda umiza vimewashwa kuanzia Manzese mpaka kwenye vijiji vya chai kama Vugiri, kule juu milimani upande wa Korogwe ambako usiku mtu haangalii mpira bila koti. Yanga wako Pretoria, uwanja wa Loftus Versfeld, marudiano ya robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika na Mamelodi Sundowns. Mechi ya kwanza kwa Mkapa, tarehe 30 Machi, iliisha 0-0. Maana yake goli moja tu la ugenini na Masandawana wapo kwenye shida kubwa.

Kipindi cha pili Stephane Aziz Ki akaachia shuti la mbali. Mpira ukagonga mtambaa panya kwa chini, ukashuka kama jiwe, ukadunda, ukatoka nje. Wachezaji wa Yanga wakanyoosha mikono. Vibanda umiza vikalipuka. Refa akaashiria mpira uendelee, chumba cha VAR kikaangalia, jibu likarudi kwamba hakuna goli. Dakika tisini zikaisha 0-0, matuta yakapigwa, Sundowns wakashinda 3-2, na Aziz Ki mwenyewe akawa miongoni mwa waliokosa. Yanga wakapeleka malalamiko CAF. Matokeo yakabaki vile vile.

Kilichowauma wengi zaidi ya kutolewa ni kwamba VAR ilikuwepo. Kwa miaka mingi mashabiki wa huku walikuwa wakidhulumiwa wanasema "ingekuwepo VAR tungeona". Haya, ikawepo. Na bado.

Hapo ndo pana jambo ambalo vijiwe vingi havijalielewa mpaka leo, mdau. Watu wanasema "teknolojia" kama vile ni kitu kimoja, ukishakinunua umemaliza. Ziko za aina tofauti, na kila moja ina jicho lake na upofu wake.

VAR ni watu. Ni waamuzi waliokaa chumbani mbele ya skrini, na picha wanazoziona ni zile zile zinazotoka kwenye kamera za televisheni zilizoletwa uwanjani siku hiyo. Kamera zikiwa nyingi wanaona vingi, zikiwa chache wanaona vichache. Teknolojia ya mstari wa goli ni mnyama mwingine kabisa. Ule mfumo maarufu wa Hawk-Eye una kamera zake wenyewe, saba kwa kila goli, kazi yake ni kuufuata mpira tu. Kompyuta inapiga hesabu mpira uko wapi, na ukivuka, saa ya mkononi ya refa inatetemeka ndani ya sekunde moja na kumwandikia kwamba ni goli. Hakuna anayeulizwa maoni. Pretoria usiku ule ile ya kwanza ilikuwepo, hii ya pili haikuwepo.

Sasa angalia kazi waliyopewa wale watu wa chumbani. Sheria inasema mpira wote lazima uvuke mstari wote. Upana wa mpira ni kama sentimita 22, na mstari wa goli hauruhusiwi kuzidi sentimita 12. Mpira unaweza kugusa ardhi nyuma ya mstari kabisa, wewe umeona nyasi kati ya mpira na chokaa, halafu lile tumbo lake la juu likawa bado linauning'inia mstari kwa sentimita moja. Hilo sio goli. Na kamera ikiwa haikukaa sawasawa na mstari inadanganya. Chukua kikombe ukiweke ukingoni mwa meza, kitazame kutoka kushoto, halafu kutoka kulia. Upande mmoja utaapa kimetoka nje ya meza, upande mwingine utaapa kiko ndani. Kikombe hakijasogea.

Juu ya hapo, kanuni ya VAR haiwaambii watu wa chumbani waamue upya. Inawaambia wabadilishe uamuzi wa uwanjani pale tu ambapo wana ushahidi wa wazi kwamba ulikuwa na kosa. Refa alishasema sio goli. Bila picha inayosema goli pasipo shaka, neno lake la kwanza linabaki. Na lile neno la kwanza limetoka wapi? Kwa shuti la mbali, mshika kibendera anakuwa amesimama usawa wa beki wa mwisho akichunga kuotea, sio kwenye mstari wa goli. Yaani teknolojia yote ile, satelaiti, nyaya, skrini, mwisho wa siku ikarudi kuegemea jicho la mtu mmoja aliyekuwa amekaa mbali na tukio. Vile vile kama mechi ya kombe la mbuzi.

Refa wa usiku ule, raia wa Mauritania, sio wa kuokoteza. Fainali ya AFCON kati ya Ivory Coast na Nigeria, tarehe 11 Februari mwaka huo huo, alichezesha yeye. Haikupita hata miezi miwili. Anayetaka kuamini alinunuliwa aamini, lakini jibu la kuuma zaidi ni hilo la kamera.

Na ubishi huu una umri wa babu zetu.

Tarehe 30 Julai 1966, Wembley, fainali ya Kombe la Dunia, Uingereza na Ujerumani Magharibi zimefungana 2-2, muda wa nyongeza. Geoff Hurst anapiga, mpira unagonga mtambaa panya, unashuka, unadunda, unatoka. Ndiyo, ni shuti lile lile la Pretoria, tofauti ni miaka 58. Refa kutoka Uswisi hakuona vizuri, akamkimbilia mshika kibendera wake. Yule bwana akatikisa kichwa: goli. Uingereza wakamaliza 4-2 na kombe likabaki kwao.

Cha ajabu ni jinsi yule mshika kibendera alivyoishi kwenye midomo ya watu. Uingereza wanamwita "yule Mrusi" mpaka leo. Hakuwa Mrusi. Aliitwa Tofiq Bahramov, alikuwa Muazabajani, wakati huo Azabajani ikiwa ndani ya Muungano wa Kisovieti. Kwao Baku uwanja mkubwa wa mpira unaitwa kwa jina lake. Waliobebeshwa kombe na mkono wake hata jina lake hawakujisumbua kulijua. Ndo kazi ya refa ilivyo: akipatia, hana jina. Akikosea, ana jina moja tu, na halifai kuandikwa hapa.

Miaka 20 baadaye, 22 Juni 1986, ikawa zamu ya Mwafrika. Argentina na Uingereza, uwanja wa Azteca, Mexico. Maradona anaruka na kipa Peter Shilton, mkono wa Maradona unaufika mpira kwanza. Refa alikuwa Mtunisia, Ali Bennaceur. Kwa maelezo yake, alisita, akamtazama mshika kibendera wake Mbulgaria, hakupata ishara yoyote ya kosa, akaweka goli. Tanzania Bara wakati huo haikuwa na kituo cha televisheni hata kimoja, vilianza 1994, ingawa Zanzibar walikuwa nayo tangu 1974. Kwahiyo watu wengi wa Bara lile goli walilijua kwa redio na magazeti, na wakalibishania kwa miaka bila kuliona. Labda ilikuwa afadhali.

Bennaceur alibaki na ule mpira. Mwaka 2015 Maradona alimtembelea Tunisia, wakakumbatiana, akampa jezi. Novemba 2022 mpira ukapigwa mnada London ukauzwa pauni milioni 2. Mshika kibendera wa Bulgaria, Bogdan Dochev, hakupata mnada wala jezi, alibaki na lawama mpaka alipofariki mwaka 2017. Kosa moja, watu wawili, na mafungu mawili tofauti kabisa.

Kilichoamsha wakubwa kilitokea Afrika. Tarehe 27 Juni 2010, Bloemfontein, Kombe la Dunia la kwanza kwenye bara hili. Frank Lampard anapiga, mtambaa panya, chini, mpira unadunda ndani wazi kabisa, zaidi ya hatua nzima ya mtoto, unatoka, kipa wa Ujerumani Manuel Neuer anaudaka na kuuanzisha haraka kama vile hajaona kitu. Refa na msaidizi wake hawakuona. Siku hiyo hiyo jioni, Johannesburg, Argentina wakaifunga Mexico goli la kuotea la Carlos Tevez, na marudio yakaonyeshwa kwenye skrini kubwa ya uwanja. Wachezaji wa Mexico wakawa wanaonyesha skrini kwa vidole. Waamuzi nao wakaona. Lakini sheria haikuwaruhusu kutumia walichokiona. Hebu fikiria uwanja mzima unajua ukweli, na watu pekee wasioruhusiwa kuujua ni wale wenye filimbi.

Sepp Blatter, rais wa FIFA aliyekuwa hataki kusikia habari za mashine, akaomba radhi kwa Uingereza na Mexico. Tarehe 5 Julai 2012 bodi ya sheria za mpira, IFAB, ikapitisha teknolojia ya mstari wa goli, na Kombe la Dunia 2014 Brazil likaitumia. VAR ikafuata: majaribio yakaanza 2016, Kombe la Dunia la 2018 Urusi ikaingia rasmi. Qatar 2022 ikaongezwa ile ya kuotea ya kamera 12 zinazomsoma mchezaji sehemu 29 za mwili, mpaka kidole cha mguu. Hiyo ya mwisho inavutia kuitazama lakini kwa ligi zetu ni habari ya sayari nyingine, tuiache.

Turudi nyumbani. Maana kabla VAR haijajulikana kwa jina, Tanzania ilikuwa na yake. Ilikuwa inachelewa tu.

Inaitwa Kamati ya Saa 72. Jina lake rasmi ni refu, linahusu usimamizi na uendeshaji wa ligi, lakini mtaani halijulikani. Kazi yake ni kupitia ripoti na matukio baada ya mechi na kutoa adhabu. Kila shabiki wa Ligi Kuu analijua lile tangazo: mwamuzi fulani ameondolewa kwenye ratiba kwa mizunguko kadhaa kwa kosa la "kushindwa kutafsiri vyema sheria". Yaani video inaangaliwa, kosa linaonekana, refa anaadhibiwa. Ila goli linabaki. Pointi zinabaki. Aliyedhulumiwa anaambiwa pole, umedhulumiwa kweli.

Mfano mkubwa ni Jumamosi ya 1 Oktoba 2016, Uwanja wa Taifa, Simba na Yanga. Amissi Tambwe anafunga kipindi cha kwanza, wachezaji wa Simba wanamvamia refa wakisema ameutuliza kwa mkono. Nahodha Jonas Mkude anakula nyekundu kwenye zogo hilo. Jukwaani viti vikaanza kung'olewa na kurushwa, mabomu ya machozi yakapigwa. Ule ulikuwa uwanja wa taifa wa watu wote, wenye viti vilivyonunuliwa kwa kodi za watu wote, wakiwemo wachuma chai wa Vugiri ambao hawajawahi kuvikalia. Simba wakasawazisha mwishoni, Shiza Kichuya na ile kona iliyoingia moja kwa moja. 1-1.

Halafu ikaja saa 72. Kadi ya Mkude ikafutwa baada ya mechi kupitiwa. Waamuzi wakafungiwa. Goli la Tambwe likabaki kwenye vitabu, na viti havikujirudisha vyenyewe. Fikiria kama mtu mmoja tu angeruhusiwa kumnong'oneza refa sikioni ndani ya dakika mbili kile ambacho kamati ilikuja kukiona baadaye. Hicho ndo VAR inachouza: sio ukweli mpya, ni ukweli ule ule ila mapema.

Na presha kwa waamuzi wetu iliongezeka zaidi ligi ilipoingia Azam TV kuanzia 2013. Zamani refa wa Mbeya au Shinyanga alikosea mbele ya watu elfu chache, walioona kwa sekunde moja, kesho yake kila mtu na lake. Leo kosa lake linarudiwa mara nane kabla hajafika hotelini. Mwaka 2021 mkataba wa haki za matangazo ulisainiwa kwa shilingi bilioni 225.6 kwa miaka 10, pesa nzuri kwa klabu, na kamera zikazidi kuwa kali. Ila kamera zile zilikuwa zinamsaidia mtazamaji, hazimsaidii refa. Shabiki aliyekaa kwenye benchi la mbao Vugiri, amelipa hela ya kiingilio cha kibanda umiza, anajua kuliko mtu anayelipwa kujua. Hiyo hali haina afya hata kidogo, na watu wanashangaa kwanini kila wiki tunasikia neno "marefa wanabeba".

Hata hivyo isije ikadhaniwa mashine ikifika ubishi unakwisha. Tarehe 31 Mei 2019, Rades, Tunisia, fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika, Esperance na Wydad Casablanca. Wydad wanasawazisha, goli linakataliwa, wanaomba VAR. VAR ilikuwepo uwanjani, ila haifanyi kazi. Wydad wakagoma, mechi ikasimama zaidi ya saa nzima, refa akamaliza na Esperance wakapewa kombe. CAF wakaamuru irudiwe, mahakama ya michezo ikatengua, mwisho Esperance wakabaki mabingwa. Fainali ya bara zima, chombo kipo, kimekufa.

Na hata Ulaya. Tarehe 17 Juni 2020 Aston Villa na Sheffield United, mechi ya kwanza ya ligi ya Uingereza baada ya kusimama kwa corona, kipa wa Villa alidaka mpira akajikuta ndani ya goli nao kabisa. Saa ya refa haikutetemeka. Kamera zote saba zilikuwa zimezibwa na miili ya watu na mwamba. Ikaisha 0-0, Hawk-Eye wakaomba radhi, na mwisho wa msimu Villa wakabaki Ligi Kuu kwa tofauti ya pointi moja. Tarehe 30 Septemba 2023, Tottenham na Liverpool, goli halali la Luis Diaz lilikataliwa kwa sababu watu wa chumbani walidhani refa alishalikubali, wakamwambia ukaguzi umekamilika. Picha waliiona sawasawa. Walichokosea ni maneno.

Kisha kuna lile ambalo huku hatupendi kulikumbuka. 17 Aprili 2022, kwa Mkapa, robo fainali ya Kombe la Shirikisho, Simba na Orlando Pirates. Simba wakashinda 1-0 kwa penalti ya Shomari Kapombe. Kocha wa Pirates, Mandla Ncikazi, akaongea mbele ya kamera kwa hasira, akalalamikia penalti, VAR na mpaka namna walivyopokelewa. Huku kwetu watu walicheka, wakamwambia akalilie kwao. Miaka miwili baadaye Watanzania ndo walikuwa Afrika Kusini wanalia, na wenyeji nao wakacheka. Kilio cha VAR kina uraia wa nchi zote.

Serikali nayo iliguswa. Juni 2024, miezi miwili tu baada ya Pretoria, kwenye hotuba ya bajeti likatolewa pendekezo la kusamehe kodi ya ongezeko la thamani kwa vifaa vya VAR. Goli la mpira likaingia Bungeni kabla halijakubaliwa uwanjani. Ni hatua nzuri. Lakini kifaa sio skrini peke yake. Ligi Kuu ina viwanja mikoani ambavyo kamera za mechi ni chache, na kama ilivyoonekana juu, VAR ya kamera chache ni kumpa refa miwani yenye kioo kimoja. Inahitaji pia waamuzi wa ziada waliofundishwa na kupewa vyeti, kila mechi, kila wiki, na umeme usiokatika dakika ya 80.

Kuna njia ya bei nafuu ambayo haizungumzwi sana. FIFA waliijaribu 2024 kwenye Kombe la Dunia la wasichana chini ya miaka 20, Colombia. Hamna chumba, hamna waamuzi wa ziada. Kocha ana nafasi mbili kwa mechi. Akiona kadhulumiwa anazungusha kidole hewani, anamkabidhi kadi mwamuzi wa akiba, na refa mwenyewe anakwenda kwenye skrini pembeni ya uwanja kuangalia picha zilizopo. Akibadilisha uamuzi kocha anabaki na nafasi yake, asipobadilisha imeungua. Kwa kocha wa kibongo anayelalamika kuanzia dakika ya kwanza, hiyo dawa ni nzuri sana: utalalamika mara mbili tu, chagua vizuri. Kwa nchi yenye bajeti kama yetu, huu mfumo ungefaa kujadiliwa kabla ya kukimbilia ule mkubwa.

Vugiri yenyewe itasubiri sana. Kwenye soka la mchangani la milimani refa ni mwalimu wa shule, au kijana aliyewahi kucheza akaumia goti, analipwa posho ya nauli na soda. Vibendera ni vitambaa vilivyofungwa kwenye fimbo, na mara nyingi kila timu inatoa mtu wake wa kushika, jambo ambalo peke yake linatosha kuharibu mechi. Uwanja una mteremko, mpira ukitoka unakwenda kuokotwa kwenye chai. Ukungu ukishuka dakika ya 70, hata hiyo Hawk-Eye ingeomba tochi.

Ila teknolojia moja imeshafika huko, na imefika upande usiofaa. Simu janja. Siku hizi kila fainali ya kombe la mbuzi ina watu watano wanaorekodi. Goli la ubishi likipatikana simu inakuja mpaka usoni kwa refa: "Angalia mwenyewe!" Na refa haruhusiwi kuangalia. Sheria za IFAB haziruhusu uamuzi ubadilishwe kwa picha ya mtazamaji, na mpira ukishaanzishwa upya ndo basi tena, hata kama kila mtu anajua. Kijana wa watu amezungukwa, ushahidi uko sentimita kumi kutoka puani mwake, anatakiwa aseme hapana. Video ile jioni inakuwa kwenye makundi yote ya WhatsApp ya kata, na kesho yake anapita njia ile ile kwenda kazini. Waamuzi wa Pretoria walipanda ndege wakaondoka. Huyu anaishi hapo hapo na waliofungwa.

Ukiangalia vizuri, huyu hahitaji hata skrini. Kifaa cha kwanza kabisa kilichotengenezwa kumaliza ubishi wa goli sio kamera wala kompyuta, ni nyavu. Goli la zamani lilikuwa milingoti mitupu, mpira ukipita watu wanaanza kubishana umepita ndani au nje. Mhandisi wa Liverpool, John Alexander Brodie, akapata hati ya uvumbuzi wa nyavu za goli, na inasimuliwa kwamba kilichomsukuma ni goli la Everton lililokataliwa. Ndo VAR ya kwanza hiyo, haina umeme wala mtaalamu, na inafanya kazi mpaka leo kwenye kila fainali.

Viwanja vingi vya vijijini Korogwe bado havinazo. Na Korogwe ni nchi ya mkonge: ukiteremka kutoka Vugiri kwenda barabara kuu unaupita umepangwa mistari, zao ambalo duniani linajulikana kwa kutengeneza kamba. Nyavu za kununua zikipatikana ni za kuazima shuleni, zinafungwa asubuhi ya fainali na kufunguliwa jioni ile ile. Mechi zingine zote za msimu, mpira ukipita karibu na mlingoti, refa anatazama kichaka kilicho nyuma ya goli kuona majani yametikisika upande gani.